Mrenda Katika Nyumba ya Mvuvi

Saa tatu kasorobo asubuhi, Scovia amesimama nje ya choo cha chekechea, mwiko mkononi, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa mabati ulioanza kupata joto la jua. Hatua kadhaa mbele yake maharagwe yanachemka ndani ya sufuria kubwa. Anayatupia jicho, kisha anageuza uso na kuongea na mlango.

"Bonface. Bado?"

"Bado."

"Miguu imekanyaga tofali?"

"Imekanyaga."

"Basi usisukume kwa hasira. Pumua. Nani anakukimbiza?"

Ndani, Bonface, mwenye umri wa miaka mitano, anaanza kuimba wimbo wa kuhesabu waliofundishwa jana. Anafika saba, ananyamaza. Scovia anafumba macho kama mtu anayesali, au kama mtu aliyechoka. Kisha sauti yenye fahari inatoka humo ndani.

"Anti, kuja uone."

"Sitaki kuona. Mwaga majivu, uje unawe."

Mwaka huu wa 1998, Scovia ana miaka ishirini na sita. Ni mpishi wa chekechea ndogo ya kanisa upande wa kusini wa Kisiwa cha Mfangano, katika Ziwa Victoria. Aliajiriwa kupika uji wa asubuhi na chakula cha adhuhuri cha watoto arobaini na watatu, na kuosha vyombo. Hakuna aliyemwambia asimame nje ya choo.

"Lakini chakula kikiingia na kisitoke," anasema akirudi kwenye moto, "watu watamuuliza nani? Watamuuliza mpishi."

Siku yake huanzia ziwani kabla jua halijatoka. Hupandisha maji kwenye mteremko kwa mtungi wa lita ishirini, safari baada ya safari, halafu huchochea moto. Jioni miguu huvimba hadi viatu vinakataa kuvuka kisigino. Mshahara wake ni shilingi mia tisa kwa mwezi, wazazi wakitoa karo. Wasipokuwa na pesa, huja na bakuli la omena, wale dagaa wa ziwani.

"Mwezi uliopita nililipwa nusu pesa na nusu samaki," anasema. "Samaki nilikula. Pesa pia nilikula. Zote ziliisha pamoja."

Hacheki anaposema hivyo. Anasukuma kuni kwa mguu, anakaa kwenye kigoda kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kabla hajatulia vizuri mtoto mwingine amemshika sketi.

Scovia hakuzaliwa kisiwani. Ni mzaliwa wa Uriri, Migori, kwenye familia ya wakulima. Kwao walikula walichopanda: mahindi, viazi vitamu, kunde, mapapai ya nyuma ya nyumba, na mrenda, ile mboga ya kuteleza ambayo Waluo huiita apoth. Aliacha shule darasa la saba. Alikuwa akimsaidia mama yake kuuza viazi sokoni Uriri alipokutana na kijana aliyekuja kuuza samaki wakavu. Kijana huyo ni Cephas, ambaye sasa ni mumewe.

"Alinidanganya kwamba kisiwani hakuna njaa," Scovia anasema. "Si uongo kabisa. Samaki wako. Lakini sikujua kuna njaa ya kitu kingine."

Wiki ya kwanza ya ndoa, mwaka wa 1991, alichuma mrenda alioukuta umejiotea kando ya njia, akaupika kwa magadi kidogo kama alivyofunzwa na mama yake. Alidhani anamfurahisha mama mkwe wake, Leonida. Leonida alifunua chungu, akatazama, akakifunika tena. Kisha akakibeba na kukiweka chini ya kitanda.

"Nyar Uriri," alimwambia, akimwita binti wa Uriri, kama wake walioolewa huku wanavyoitwa kwa kwao. "Unataka watu waseme mwanangu ametoka ziwani mikono mitupu?"

Ndivyo Scovia alivyojifunza sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Katika nyumba ya mvuvi, mboga ni tangazo. Jirani akiona majani mezani anajua nyavu zilikuja tupu. Mke mwenye akili hupika samaki, na siku ambayo samaki hakuna, hufunga mlango kabla ya kufunua chungu.

Kwa miaka kadhaa alifunga mlango, na hakuona ubaya. Kisha yakaja mambo ya Marion.

Marion ni binti yake wa pekee. Ana miaka mitano sasa, na ana meno ya mbele yaliyoachana kama ya baba yake. Mwishoni mwa mwaka jana, mvua kubwa ziliponyesha, habari za kipindupindu zilisikika upande wa bara, kisha zikasikika karibu zaidi. Watu wa afya walipita ufuoni na kipaza sauti wakiwaambia wenyeji wasinywe maji ya ziwa bila kuyachemsha.

Walisema kweli, na wanawake wa kisiwa waliwasikiliza. Lakini kuni hutoka juu mlimani, na katika mvua ile kuni zote zilikuwa mbichi. Maji yaliyochemshwa yakawa kitu cha kupimwa. Mtoto alipata kikombe kidogo asubuhi na kingine jioni. Akilia kiu mchana, alipewa chai ya rangi kidogo, au aliambiwa akacheze.

"Kuchemsha hatukukosea," Scovia anasema. "Tulikosea kudhani mtoto asiyekunywa ndiye mtoto salama."

Chakula nacho kilikuwa kilekile: ugali wa muhogo na samaki, samaki na ugali wa muhogo. Marion akaanza kukawia kwenda haja. Siku alipokwenda, choo kilikuwa kigumu hata kikamchana, akaona damu. Alilia hadi akalala. Alipoamka, alikuwa ameshaamua kwamba jambo lile halitatokea tena. Alikuwa na miaka minne na aliamua kama mtu mzima anavyoamua kutorudi nyumba alimotukanwa.

Haja ilipomshika, alikwenda kwenye nguzo ya mlango, akaishika kwa mikono miwili, akasimama juu ya vidole vya miguu na kukaza mapaja. Alikwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, jasho likimtoka puani. Wapita njia walimtazama wakatabasamu. Walidhani anacheza ngoma.

"Hata mimi nilidhani anacheza," Scovia anasema. "Nikampigia makofi."

Leonida hakudhani anacheza. Alikuwa amelea watoto tisa, na alijua mtoto aliyefunga choo. Alitoa kibuyu chake chembamba chenye shingo ndefu, kile ambacho wanawake wa rika lake walitumia kumwingizia mtoto dawa ya majani kwa nyuma. Scovia alimshika Marion, bibi akafanya kazi yake, na choo kikatoka. Lakini baada ya hapo Marion alikuwa na vitu viwili vya kuogopa badala ya kimoja. Alipomwona bibi yake akiingia nyumbani, alikimbia kwenye nguzo na kukaza mapaja kabla hata haja haijaja.

Halafu nguo zikaanza kuchafuka.

Ilikuwa kama maji, kidogo asubuhi, kidogo mchana, na mtoto mwenyewe alionekana hajui yanatoka. Katika mwaka mwingine watu wangesema ana tumbo. Mwaka ule neno lilikuwa moja tu. Leonida alilisema kwa sauti ya chini, akiwa amesimama mlangoni asijulikane kama anaingia au anatoka.

"Mtoto anahara."

Kufikia jioni, majirani walikuwa wamewaita watoto wao ndani. Mwalimu alituma ujumbe kwamba Marion akae nyumbani kwanza. Scovia mwenyewe, anayegusa chakula cha watoto wa watu, aliambiwa akae naye.

Nyumbani walifanya walichojua. Ili tumbo lishike, Leonida alimpikia mjukuu wake ugali wa muhogo mgumu zaidi na ndizi mbichi za kuchemsha, akamnywesha chai nyeusi iliyokolea. Scovia alichanganya maji ya chumvi na sukari kama walivyofundishwa, lakini Marion alipokea kijiko kimoja, akakaza meno. Tumbo lake lilikuwa limejaa. Hakuna aliyeligusa.

"Tuliogopa kumgusa mtoto wetu," Scovia anasema. Hii ndiyo sehemu ambayo mpaka leo huisimulia akitazama pembeni. "Ningemgusa tu, ningejua."

Maji hayo yalipoendelea kutoka, Cephas alimbeba binti yake begani kwenda zahanati, Scovia na Leonida wakifuata nyuma. Njia ya ufuoni ni nyembamba, na kila waliyekutana naye aliiacha njia na kusimama kwenye nyasi. Rafiki wa utotoni wa Cephas aliinua mkono kutoka mbali, akaushusha.

Muuguzi wa zahanati ni mama mmoja mtulivu anayeitwa Pauline. Alimlaza Marion kitandani, akauweka mkono tumboni, upande wa kushoto, chini. Hakuuondoa. Alibonyeza polepole, akasogea, akabonyeza tena.

"Ni lini mara ya mwisho alipata choo cha kawaida, kilicho kigumu?" aliuliza.

Baba alimtazama mama. Mama alimtazama bibi.

"Huyu haharishi," Pauline alisema. "Huyu amefunga. Kuna choo kimekwama hapa kama jiwe, na hayo maji yanapenya kando yake. Nyinyi mmekuwa mkimfunga mtoto aliyefungwa."

Cephas aliuliza, "Kwa hivyo si kipindupindu?"

Aliambiwa si kipindupindu. Mtu mzima yule, mwenye mikono ya kuvuta nyavu, aliketi sakafuni palepale.

Pauline anawaona watoto wa namna hiyo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ingawa wengi hawafiki mbali kama Marion. Alimpa dawa ya kulainisha, ya kutumiwa kwa wiki kadhaa. Lakini aliwaeleza wazi kwamba dawa peke yake haitoshi.

"Dawa inafungua mlango," anasema. "Maji na chakula ndivyo vinavyouzuia usijifunge tena. Mtoto anywe maji safi mara nyingi, si mara mbili. Ale mboga za majani, maharagwe, viazi na ganda lake, matunda. Unga usiondolewe pumba. Na kibuyu kipumzike."

Aliwaambia pia Marion aketishwe chooni kila anapomaliza kula, wakati tumbo lenyewe limeamka, miguu ikiwa imekanyaga kitu, bila kuharakishwa na bila kuchapwa. Wakiona tumbo limevimba na mtoto anatapika, wasingoje kesho, wamlete. Na akaongeza jambo ambalo Scovia hakulisahau. Utumbo uliozoea kubeba mzigo hutanuka, na ukitanuka sana mtoto hahisi tena haja inapokuja. Ikifikia hapo, mtoto atapelekwa hospitali bara, na safari hiyo haina mwisho wa karibu.

"Itachukua wiki ngapi?" Scovia aliuliza.

"Miezi," Pauline alijibu. "Na mwalimu hatamrudisha darasani mpaka nguo zikae safi. Kwa hivyo, Mama Marion, jipange."

Scovia alijipanga. Alichemsha maji asubuhi na jioni, akaweka chungu na kikombe mahali Marion anapofikia mwenyewe. Alinunua mrenda na kunde zilizovushwa kutoka Mbita, upande wa bara, shilingi kumi kwa fungu lililonyauka. Alipika vizuri, akatia maziwa kidogo. Marion alitazama bakuli, akalisukuma.

Tatizo halikuwa mboga. Marion ni mtoto wa sahani ya baba yake. Tangu aanze kutambaa amekula adhuhuri akiwa ameegemea goti la Cephas, akipewa tonge na kipande cha samaki kilichotolewa miiba. Asichokula Cephas, Marion hali. Na Cephas, mvuvi na mwana wa mvuvi, hali majani.

"Nilimwambia, Baba Marion, huyu atakula ukila wewe," Scovia anakumbuka. "Akaniambia, mpe jikoni. Nikamwambia, jikoni hali. Akanyamaza. Akinyamaza, mazungumzo yameisha."

Cephas mwenyewe, tulipomkuta ufuoni akishona wavu, hakatai.

"Mimi nilikuwa na aibu, niseme nini," anasema bila kuinua macho kutoka kwenye wavu. "Wenzangu wanakula kwangu kila tukitoka ziwani. Wataona hiyo kitu ya kijani, watasema Cephas amekwisha. Huku mtu akisema umekwisha, hata kazi hupati. Kila mtu anataka kutoka na mwenye bahati."

Wiki mbili zikapita hivyo. Dawa ilisaidia, ikaelekea kuisha, na Marion akaanza tena kushika nguzo. Scovia alihesabu kichwani kilichobaki kwenye chupa. Kisha, adhuhuri moja, alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe.

Siku hiyo nyavu zilikuwa zimebarikiwa. Cephas alirudi na wenzake watatu wakiwa na mbuta mkubwa kiasi kwamba kichwa chake peke yake kilijaza karai. Scovia alipika samaki, akasonga ugali. Alipowatengea, katikati ya meza aliweka samaki, na kando ya samaki, bila kufunika, aliweka bakuli la mrenda. Mlango aliuacha wazi.

Wa kwanza kulitaja ni Clifford, mshika kasia wa Cephas, mtu ambaye watu wa ufuo ule husema angeweza kutania hata kwenye matanga yake mwenyewe.

"Omera, ndugu yangu," alimwambia Cephas, "ziwa limekauka lini? Mbona hukutuambia?"

Wengine wakacheka. Cephas alilisukuma bakuli kwa kiwiko.

"Hiyo ni ya ng'ombe," alisema.

Marion, aliyekuwa ameegemea goti lake, alinyoosha kiwiko chake kidogo, akalisukuma bakuli vilevile. "Ni ya ng'ombe," akasema, kwa sauti ileile ya baba.

Walicheka zaidi. Cephas hakucheka. Scovia alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, na anasema hakujua auweke uso wake wapi.

Ndipo haja ilipomshika Marion. Aliteleza kutoka gotini, akaenda kwenye nguzo, akaishika kwa mikono miwili. Akapanda juu ya vidole. Mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Lakini mtoto anajua kucheza huyu," Clifford alisema, akaanza kumpigia makofi.

"Hachezi," Cephas alisema.

Makofi yakakoma. Walimtazama mtoto, na walipomtazama sawasawa waliona jasho, na jinsi alivyokuwa ameuma mdomo wa chini. Kutoka mezani mpaka kwenye nguzo hapakuwa mbali. Wote walimsikia akipumua.

Marion alipomaliza kushindana na tumbo lake, alirudi gotini kwa baba, amelowa jasho, amechoka kama mtu aliyebeba mzigo. Cephas alivuta lile bakuli. Akamega tonge, akalichovya, mrenda ukavutika kutoka bakulini mpaka kidevuni kama unavyovutika siku zote, akala. Akachovya tena. Mara ya tatu alimpa binti yake, na Marion akafungua mdomo.

Clifford alitazama yote hayo. Kisha alisogeza kiti.

"Sawa," alisema, "kama ziwa limekauka, wacha tukaukie pamoja." Akachovya.

Scovia anasimulia hayo akipepeta maharagwe ya kesho. Anayasimulia bila kupamba, kama mtu anayejua kwamba adhuhuri moja haikumaliza kitu. Marion alirudi chekechea baada ya likizo ya Aprili. Kati ya adhuhuri ile na siku hiyo kulikuwa na nguo nyingi za kufua.

Kulikuwa pia na kiboko. Ili aache kununua majani yaliyonyauka, Scovia alilima kishamba karibu na maji, pale udongo ulipo mweusi, akapanda mrenda na kunde. Mboga zilipofika magotini, kiboko alitoka ziwani na kula kila kitu, akakanyaga hata kamba ya kuanikia nguo.

"Yeye hana shida ya choo," anasema Scovia. "Ungeona alichoacha."

Alipanda tena, safari hii juu, nyuma ya jiko la chekechea, ambapo kiboko hafiki lakini maji pia hayafiki. Ndiyo sababu sasa anapandisha mitungi zaidi kuliko zamani.

Jikoni kwake mambo yamebadilika kidogo kidogo. Uji ni wa mahindi na mtama, unga wa kusagwa mashineni bila kuchungwa. Adhuhuri ni maharagwe, au kunde, na majani ya kishamba yakitosha. Mlangoni kuna ndoo ya maji yaliyochemshwa yenye kifuniko na kata, na kila mtoto anayeingia kutoka mchezoni hunywa kabla ya kuketi. Kuni za kuchemshia ndoo hiyo huletwa na wazazi kwa zamu, wakikumbuka. Wasipokumbuka, Scovia hupanda mlima mwenyewe.

Si wote wanaopenda. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba analipia uji wenye makapi. Mwingine alisema mtoto wake amekuwa akiomba majani nyumbani, aibu tupu, baba yake akiwa na injini mbili za boti.

"Nilimwambia, dada, mwenye injini mbili pia huenda choo," Scovia anasema. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii, anatabasamu.

Leonida, mama mkwe, bado ana kibuyu chake. Kinaning'inia ukutani kwake, safi, kimekauka.

"Mimi nililea tisa na hiki," anasema, na hataki kubishana. Mrenda hali mpaka leo. Lakini kila Jumamosi yeye ndiye huketi chini na kutoa majani kwenye vijiti vyake, moja moja, akimsimulia Marion hadithi, na Marion hamkimbii tena.

Na kuna siku za kurudi nyuma. Agosti walikwenda matanga upande wa bara, wakakaa wiki nzima wakila nyama, wali na soda, choo cha wageni kikiwa kimoja na foleni ndefu. Waliporudi, Marion alikuwa akishika nguzo. Scovia alianza upya: maji, mboga, kuketi baada ya kula, kungoja.

"Nilichoka siku hiyo kuliko siku zote," anasema. "Kupanda mlima unachoka, unalala, unaamka. Lakini kurudi pale ulipotoka, huko hakuna usingizi wa kukutosha."

Muuguzi Pauline hakumlaumu. Anasema tumbo la mtoto husahau haraka na hukumbuka polepole, na kwamba Marion sasa hupata choo laini siku nyingi kuliko asizopata. Tumbo lake likibonyezwa, halijawa gumu tangu Septemba.

Januari, Marion ataanza darasa la kwanza. Shule ya msingi iko mbali kidogo, kwa mguu wa mtoto ni mwendo wa kutosha. Darasa lina watoto wengi, hakuna uji, na hakuna mtu wa kuuliza nani ameenda chooni na nani hajaenda. Scovia alikwenda kuviona vyoo vya huko. Tundu ni pana, na wakubwa husukuma wadogo. Alirudi nyumbani akakaa muda mrefu bila kuvua viatu.

Lakini ana mpango. Desemba atakwenda kwao Uriri, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na atarudi na miche ya mapapai kutoka kwa mama yake. Mpapai ukipata maji huzaa baada ya mwaka mmoja hivi, na Marion hupenda papai hata kuliko samaki. Miche ikishazaa, kila asubuhi kabla ya shule atakula papai na uji, atakunywa maji, ataketi, kisha ataondoka akiwa mwepesi.

Mashimo ya miche yameshachimbwa. Scovia alikuwa ameonyesha nyuma ya nyumba, lakini Cephas aliyachimba mbele, pale njia ya kutoka ufuoni inapopita na kila anayerudi na nyavu lazima atazame. Clifford alipita, akasimama, akamuuliza kama sasa amekuwa mkulima.

"Nilimwambia ndiyo," Cephas anasema. "Nikamwambia ashike jembe."

Scovia anafunika maharagwe, anainuka kwa kushikilia goti. Watoto wametoka darasani, na Marion yumo katikati yao, sketi safi, akimfokea Bonface juu ya penseli iliyopotea. Mama yake anamtazama kwa muda.

"Mimi siombi awe daktari," anasema. "Naomba tu akifika darasa la kwanza, kitu cha kumliza kiwe hesabu."